Baba anataka kuoa, na leso za mama bado ziko kabatini

*"Mamangu alifariki miezi kumi na minne iliyopita. Tuko watatu: kakangu mkubwa yuko Kongowea hapa Mombasa, mimi niko Majengo, mdogo wetu wa kiume yuko Doha. Tangu msiba, kila alasiri napika na kumpelekea babangu chakula Kibokoni, kwenye nyumba ambayo mamangu aliachiwa na babake. Baba ana miaka 71. Wiki tatu zilizopita alituita akasema ataka kuoa, mjane wa Likoni mwenye miaka 52. Kaka akasimama, akasema: ‘Mwanamke huyo akiingia, mimi nabadilisha kufuli.’ Mdogo wetu asema kwa simu tumwache mzee apumzike. Mimi sikusema kitu. Siku ya pili yake nikamkuta baba ametoa leso za mama kabatini, amezitia kwenye katoni ya maziwa. Tangu siku hiyo namtuma mtoto na chakula, mimi siingii. Je, mwanamume akikaa na mke miaka 45 anaweza kumsahau hivi? Au babangu ameanza kuchanganyikiwa? Na nikishiriki harusi hiyo, si nitakuwa nimemsaliti mamangu?"*

Dada yangu, pole kwa msiba. Miezi kumi na minne si mingi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye katoni ya maziwa. Baba alipotamka neno ndoa, wewe ulinyamaza. Ulipoziona leso ndipo miguu ilipokataa kuingia ndani. Kaka yako hasira zake ziko mlangoni, kwenye kufuli. Zako ziko kabatini. Mdogo wenu hana hasira, na si kwamba ana moyo mkubwa kuliko nyinyi: yuko Doha, mlango haoni na kabati haoni.

Kwa hiyo naona mambo matatu mmeyafunga kwenye pindo moja la leso: huzuni ya mama, nyumba ya mama, na mke wa baba. Kila mkijaribu kulifungua fundo mnavuta yote matatu kwa pamoja, nalo linazidi kukaza. Mimi nitayafungua moja moja, na mke nitamweka mwisho ingawa ndiye anayetajwa sana.

Kwanza, kusahau. Watu wengi, hata wasomi, wanaamini kwamba huzuni ni ngazi: unakana, unakasirika, mwisho unakubali, ukifika juu umemaliza. Dhana hiyo ilienea kutokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969, na wengi hawajui kwamba yeye alikuwa akizungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa wenyewe, si na waliofiwa. Ukiipima familia yako kwa ngazi hiyo utaona baba yuko juu anaoa, wewe uko chini unalia, na lazima mmoja wenu awe na kasoro.

Maelezo ninayoyaona kweli kila siku ni ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wao wanasema aliyefiwa huenda na kurudi baina ya kazi mbili. Moja ni kuomboleza: kulia, kukumbuka, kushika nguo ya marehemu. Ya pili ni kujenga upya maisha: nani atapika, nani atalipa stima, usiku nitazungumza na nani. Mtu mzima wa afya huyafanya yote mawili, kama maji yanavyojaa na kupwa, na siku moja anaweza kuyafanya yote kabla ya adhuhuri. Babako anaweza kuwa alimlilia mamako alfajiri kwenye mswala, na saa nne akapanda feri kwenda Likoni kuzungumzia posa. Hakuna unafiki hapo. Maji yalikupwa tu.

Na msiba wenu haukuwa mmoja. Wewe ulifiwa na mama. Mama hapatikani tena, na hakuna anayekuambia utafute mwingine. Babako alifiwa na mke, na kwa mwanamume wa rika lake mke alikuwa ndiye mlango wa kwenda kwa watu wote. Mwaka 1985 mtafiti Carolyn Rosenthal aliandika kuhusu familia za Kanada na akamweleza mtu ninayemwita hapa mtunza undugu: yule anayejua nani amelazwa, nani anaolewa, nani hajapigiwa simu tangu Idi. Mara nyingi ni mwanamke. Huku kwetu sina haja ya utafiti kulijua hilo. Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja wa Makadara, miezi sita baada ya kuzika mkewe. Hakulalamikia chakula, asubuhi alikula mahamri na mbaazi hotelini, mchana mabinti walimletea. Alichoniambia ni kwamba harusi za mtaa wake mwenyewe alikuwa akizisikia kwa ngoma tu. Mialiko miaka yote ilipita kwa wanawake, na mwanamke wake alikuwa amekwenda. Barazani baada ya isha alikuwa na wenzake kama kawaida. Kisha kila mmoja aliingia kwake, naye akafungua mlango wa nyumba yenye giza, na mkono haukujua swichi iko wapi kwa sababu miaka yote alikuta taa inawaka.

Hapo ndipo hatari ilipo, na si hatari ya moyo peke yake. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake huko Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuata wajane wa kiume 4,486 wenye miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya mwanzo walikufa kwa kiwango kilichozidi kile kilichotarajiwa kwa asilimia 40, kisha kiwango kikashuka polepole. Babako ameshakipita kipindi hicho, na naamini hotipoti zako zina sehemu yake katika hilo. Lakini hotipoti ina mipaka. Wewe una nyumba yako na watoto. Nadhani unamwekea chakula, mnaongea kidogo, kisha unarudi Majengo kabla ya magharibi. Saa zilizobaki ni nyingi.

Kuna na jambo la umri. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu akiona muda uliobaki umefupika, hupunguza watu na mambo, akashika yale machache yanayompa utulivu sasa hivi. Kijana huweza kungoja, maana anajenga. Mzee wa miaka 71 ukimwambia "ngoja miaka mitatu watu wapoe", umemwomba sehemu kubwa ya alichobaki nacho. Kwa hiyo unachokiona wewe ni haraka, yeye anakiona ni hesabu ya kawaida.

Sasa niseme lisilopendeza, na naomba unistahimilie. Mama alipoondoka, kazi yake ya kutunza undugu ilikuangukia wewe. Hukuiomba, na natumaini wale wa Kongowea na Doha wamewahi hata kukushukuru. Imekuchosha. Lakini kazi hiyo hiyo imekupa baba ambaye pengine hukuwahi kuwa naye hivi mama alipokuwa hai: kila alasiri, nyinyi wawili, bila mtu wa katikati. Mke akiingia, hotipoti haitakuwa na kazi. Utapumzika na utapokonywa kwa siku moja. Ukijikuta unataka baba afarijike na papo hapo unataka asifarijike kwa mtu mwingine, hujawa mbaya. Kurt Lüscher na Karl Pillemer walipoandika mwaka 1998 kuhusu wazazi na watoto wao wazima, hoja yao ilikuwa hiyo: mapenzi na kinyongo hukaa chumba kimoja, na mahusiano mengi ya rika hizi mbili yako hivyo.

Je, amechanganyikiwa? Kwa ulivyoandika, sioni dalili. Mzee aliyewaita watoto wake wote, akamweka wa Doha kwenye simu au akahakikisha habari imemfika, akataja mwanamke ni nani, wa wapi, ana miaka mingapi na kwamba ni mjane, huyo kichwa chake kimepanga. Ningekuwa na wasiwasi kama angekuwa anapotea njia ya msikiti wake mwenyewe, anarudia swali moja mara tano, anatoa fedha kwa watu asiowajua, amekuwa na lugha chafu au hasira ambazo hajawahi kuwa nazo, au amesahau kwamba mamako amefariki. Ukiona hata mawili katika hayo, mpelekeni kwa daktari kabla ya mazungumzo yoyote ya ndoa. Hospitali Kuu ya Pwani iko karibu nanyi. Msimwambie mnampeleka kupimwa akili. Presha na sukari zinahitaji kuangaliwa kwa umri wake vyovyote vile, na daktari ataangalia na mengine.

Tuje kwenye nyumba, maana hapa ndipo kufuli la kaka yako lilipo. Mimi si kadhi, na hesabu hii mtaithibitisha kwa anayehusika. Lakini nimeona familia zikivunjika kwa hofu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekaa na karatasi akakipiga hesabu.

Nyumba ni ya mamako. Kama wazazi wake wote wawili walitangulia, kama hakuacha deni wala wasia, basi katika mirathi ya Kiislamu mume wake, kwa kuwa kuna watoto, anapata robo. Robo tatu ni zenu, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Igaweni nyumba mafungu 20: baba ana 5, kaka yako 6, mdogo wenu 6, wewe 3. Sasa tuseme baba ameoa, kisha baada ya umri mrefu Mungu amemchukua akiwa bado na mke huyo. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane, ya kilicho cha baba. Thumni ya robo ni sehemu moja ya 32. Hicho ndicho kipande cha nyumba ya mamako ambacho mjane wa Likoni angekirithi. Kaka yako amesimama mbele ya babake mzazi kutishia kufuli, kwa sehemu moja ya 32.

Mbona basi inatisha? Kwa sababu mirathi ya mama haijagawanywa. Miezi kumi na minne yote, nyumba imebaki "ya mama" midomoni, na baba anakaa humo kama jana. Hilo ni jambo la kawaida sana Mombasa, watu wanaona aibu kutaja mafungu wakati arobaini imepita juzi, na nia ni njema kabisa. Lakini mali isiyogawanywa ni kama chumba kisicho na taa, kila mtu huona humo anachokiogopa. Mke mpya akishaingia, akaishi miaka kumi, akamuuguza mzee, kila mtu atakuwa na madai yake ya moyoni na ya kweli, na hapo hesabu ya 20 haitatosha kuwatuliza.

Kwa hiyo hili ndilo lenye haraka, si ndoa. Nendeni Mahakama ya Kadhi, wote wanne, mdogo wenu akiwa na mwakilishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama hiyo mamlaka juu ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa nayo. Angalieni pia kiwanja: nyumba nyingi za mitaa ya zamani zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine au ya wakfu, na mnaweza kukuta mnapigania kuta tu. Baada ya mafungu kujulikana, kaeni na baba muulizane ataishi wapi na mkewe, na kwa makubaliano gani. Pengine humo humo, kwa ridhaa yenu iliyoandikwa. Pengine apangishe, kwa kodi ambayo Doha atachangia badala ya ushauri wa simu. Na ndoa ikifungwa iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, za Kiislamu pia, na hilo linamlinda huyo bibi kama linavyowalinda nyinyi.

Kuhusu kaka yako: mwambie kufuli si lake. Ana 6 katika 20. Mwambie pia kwa upole, akiwa peke yake, si mbele ya mkewe. Huyo Pillemer niliyemtaja aliwauliza Wamarekani kuhusu ndugu waliokatana, na asilimia 27 walisema kuna jamaa ambaye hawana mawasiliano naye. Ukisikiliza visa kama hivyo, mara nyingi mwanzo wake ni siku moja, neno moja, mbele ya watu, kisha miaka. Kaka yako ameshalisema neno lake. Bado linaweza kurudishwa.

Na mke sasa. Simjui, nawe humjui, na nadhani hujauliza. Ana miaka 52, ni mjane. Maana yake na yeye alikaa eda miezi minne na siku kumi, akafungua kabati la mtu. Huenda wanawe kule Likoni wako kwenye simu jioni hii wakiulizana huyu mzee wa Kibokoni anamtaka mama yao wa nini, kama si wa kumpikia na kumsukuma kiti cha magurudumu. Hofu yao nayo ina msingi. Wanaume wa umri wa babako wako wanaotafuta mke, na wako wanaotafuta muuguzi asiyelipwa. Ungekuwa wewe unayemtafutia baba mema, maswali yako yangekuwa haya: wamejuana vipi, nani alileta posa, mama huyu ana afya gani, wanawe wamekubali, na baba akilala kitandani mwaka mzima mmekubaliana nini. Ni maswali ya heshima, mzee hawezi kukasirika ukimuuliza kwa adabu, na majibu yake yatakuambia mengi kuliko umri na mtaa wake.

Hulazimiki kumwita mama. Una miaka yako, mama yako unamjua. "Bi" na jina lake inatosha, na wengi wa wanawake hawa hupumua wakisikia hivyo, maana hawakuja kugombea cheo hicho.

Umebaki na njia tatu, naona. Kususia kutakupa siku chache za kujiona mwaminifu kwa mamako, kisha utakuwa umempoteza mzazi wa pili kwa mkono wako. Kwenda na kujichekesha huku moyo unawaka, hilo mimi silipendi kabisa. Hasira hizo hutoka baadaye kwenye jambo dogo, sufuria au kikombe, na hakuna atakayejua zilianzia wapi. Ya tatu ni kwenda polepole na kusema ukweli. Ndoa za umri huu mara nyingi ni nikaha msikitini, halua na kahawa, basi. Hakuna anayekudai vifijo. Unaweza kwenda kumpokea, ukakaa nusu saa, ukamwambia baba siku mbili kabla: nitakuja, lakini nikilia usinikasirikie. Mamako hutakuwa umemsaliti kwa hilo. Ukibaki katika undugu na mumewe na wanawe, unafanya kazi ileile aliyoifanya mamako.

Lakini kabla ya hayo yote, leso. Ulipoiona katoni ulisoma kwamba anamtupa mamako. Huenda. Huenda pia alikuwa akiogopa mwanamke mwingine asije akazishika, akataka ziwe zimeshatoka, na hakujua zinawekwa wapi kwa sababu miaka 45 hajawahi kukunja leso. Mwanamume wa miaka 71 anayetafuta kitu cha kutilia nguo za mkewe akapata katoni ya maziwa, mimi naona mtu aliyekwama. Ila ni dhana yangu. Mwenye jibu ni yeye, na hujamuuliza.

Kuna mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukiwa hulali, huli, huwezi kufanya kazi, mawazo ya mama yanakushika karibu siku nzima, karibu kila siku, na hali ni hiyo hiyo tangu mwaka jana, au ukijiona huna haja ya kuishi, usingoje. Nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia ana kwa ana. Siku hizi huzuni inayokwama hivyo inatambuliwa kama ugonjwa unaotibika, na kwa mtu mzima mwaka mmoja ni kipimo ambacho madaktari wengi hukitumia. La pili, mkishindwa kukaa chumba kimoja bila sauti kupanda, tafuteni mtu mzima mmoja anayesikilizwa na baba na kaka yako wote wawili, mjomba wenu kama yupo, maana huyo kwa mamako ana uchungu na kwa babako ana heshima. Asiwe mtu mwenye fungu kwenye nyumba.

Leo alasiri mpelekee chakula mwenyewe. Usitaje ndoa. Mwambie: "Baba, nimekuja kwa leso za mama. Nisaidie kuzitoa." Zitandikeni kitandani, moja moja, someni majina yake kwa sauti, umuulize ipi alimnunulia yeye, ipi alipewa kwenye harusi yako, ipi alikuwa amejifunga siku ya hospitali. Atakumbuka zingine na zingine hatakumbuka. Chukua unazozitaka, mwulize kama kuna moja anayotaka ibaki. Na mtoto aende nawe kama kawaida, maana wakati wa kurudi Majengo utahitaji mtu wa kubeba hotipoti.